Mkeka wa Kadutu

Saa tisa za usiku simu inalia. Murhula.
Hasalimu. Anauliza:
Shangazi, ule mkeka wetu wa Kadutu
ulikuwa mwekundu, au macho yangu yananidanganya?

Kwake Toowoomba jua limeshapanda, saa tano.
Kwangu hata jogoo wa Mama Cibalonza hajakohoa,
na ziwa huko chini ni jeusi kama tako la sufuria.

Nimekaa kitandani. Juu yangu mabati kumi na manne
aliyoyanunua kwa mshahara wa vita.
Mvua ya Bukavu ikiyapiga bado nashtuka,
nahesabu, kisha nakumbuka: ni maji tu,
na sinyeshewi.

Alikuwa na miaka kumi na mmoja,
mwezi ule wa sita askari walipoteremka mtaani.
Nilimsukuma uvunguni pamoja na ndoo ya sambaza.
Aliona viatu tu. Jozi tatu.
Viatu vilitembea, vikasimama,
vikafungua sanduku langu la vikwembe, vikatoka.
Hakuna aliyevivua.
Wiki nzima mtoto alinuka samaki na hakusema neno.

Kisha Nakivale, kisha makaratasi, kisha ndege,
kisha nchi ambayo, aliniapia, hata mbwa wana daktari wao.

Halafu picha:
Murhula ndani ya gwanda la rangi ya vumbi,
nyota za bendera ya watu begani.
Katika nyumba yetu neno askari
hatulitaji kabla ya kufunga mlango.
Nikaificha picha nyuma ya kalenda ya kiwanda cha bia.
Nikaitoa. Nikaificha tena.
Jirani akiuliza, nasema: anasoma.

Wenzake walimwita Moro, ndimi zao zililishindwa jina.
Kwa Kimashi ni amani.
Na amani ikabeba bunduki Uruzgan,
nchi ya mawe na miti ya lozi,
ikiwa na lugha tano mdomoni,
Kimashi, Kiswahili, Kilingala, Kifaransa, na hicho Kiingereza chao cha puani,
na hakuna hata moja
ya kumwambia mama wa pale: usiogope.

Alinisimulia mara moja tu, harakaharaka,
kama mtu anayemeza kwinini.
Waliingia nyumba fulani alfajiri.
Yeye alikuwa wa tatu.
Chini palitandikwa kitu kizuri, chekundu.
Akasimama kizingitini asijue
avue viatu au asivue.
Sajenti akamfokea kutoka nyuma.
Akakanyaga.
Chini ya kitanda cha kamba palikuwa na macho.
Akainuka, akasema kwenye redio: hapa hakuna mtu.

Walimpa medali. Anaiweka ndani ya soksi.

Mkeka, Shangazi, anauliza tena. Mwekundu?

Sisi hatukuwa na mkeka.
Tulikuwa na magunia ya maharage, manne,
niliyoyaunga kwa uzi wa nailoni,
na yalipoishia magunia palianza udongo.
Hata udongo wenyewe uliporomoka mvua za mwaka uliofuata;
mlango, kitanda, uvungu, vyote vikaenda na bonde.
Wapi nitakwenda kukutazamia rangi, mwanangu?

Simu inakwaruza. Naisikia pumzi yake,
ileile ya chini ya kitanda,
fupi, inayojizuia isisikike.

Mwekundu, namwambia. Mwekundu sana.
Niliufua mwenyewe pale bombani.
Alama za viatu zilitoka.

Zote? anauliza.

Na mtandao unakatika kabla sijadanganya tena.